Mtoto alianza kuzama katikati ya watu wazima na hatukusikia kitu. Niwafundishe nini wanangu?

Mama Neema, Ilemela

Habari zenu, ndugu zangu. Familia yetu ilihamia Mwanza kutoka Dodoma, na nyumba tuliyopanga iko mwendo mfupi tu kutoka ziwani. Nina watoto watatu: wa kwanza ana miaka 13, wa pili 9, na kitindamimba hajatimiza miaka 2.

Jumapili iliyopita tulikwenda ufukweni na majirani. Watu wazima tulikuwa tumesimama ndani ya maji yaliyotufika kiunoni, tukizungumza, na mtoto wa jirani yangu mwenye miaka 6 alikuwa nyuma yetu, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa kwa kunyoosha mkono. Aliyemwona si sisi, bali kijana muuza samaki aliyekuwa amekaa mchangani. Alipopiga ukelele tukageuka na kumkuta mtoto amesimama wima ndani ya maji, kichwa kimelala nyuma, mdomo ukizama na kuibuka, macho yamemtoka. Hakulia wala hakupiga maji kwa mikono. Tulipomtoa, mzee mmoja alimshika miguu akamning'iniza kichwa chini ili maji yatoke. Mtoto alikohoa sana, akatapika kidogo, kisha akatulia, na tunamshukuru Mungu kwamba ni mzima.

Naomba kueleweshwa mambo matatu. Kwanza, inawezekanaje mtu azame kimya namna ile? Pili, kumning'iniza kichwa chini ni sahihi? Tatu, mume wangu anasema dawa ni kuwafundisha watoto kuogelea na jambo litakuwa limekwisha, ilhali mama mwenye nyumba anasema wasikanyage ziwani kabisa. Mimi siridhiki na jibu lolote kati ya hayo mawili, ila sijui jibu la tatu ni lipi.

Tabibu wa Zamu

Pole sana, Mama Neema, na mpe pole jirani yako. Hicho ulichokiona ndicho kuzama kwenyewe. Mtu mwenye nafasi ya kupunga mkono na kuita msaada yuko hatarini, lakini bado ana pumzi. Anayezama kweli hana. Mdomo wake unaibuka juu ya maji kwa muda usiotosha kutoa hewa na kuvuta nyingine, na kwa kuwa mwili hutanguliza kupumua kabla ya kusema, sauti haipatikani. Mikono nayo haimtii: hujitanua pembeni na kukandamiza maji chini ili kuinua mdomo, kwa hiyo hawezi kupunga wala kushika kamba iliyo mbele yake. Mlinzi wa ufukwe wa Orchard Beach kule New York, Frank Pia, ndiye aliyeieleza hali hii baada ya kuwachunguza watu waliokuwa wakiokolewa, na alionesha kwamba mtu hubaki hivyo kwa kati ya sekunde 20 na 60 tu kabla ya kuzama moja kwa moja. Kwa mtoto mdogo muda ni mfupi zaidi. Ndiyo maana namwamini zaidi mtu mmoja aliyekaa mchangani akitazama kuliko watu kumi waliosimama majini wakipiga soga.

Kuhusu kumning'iniza mtoto, hapana. Kumning'iniza, kumzungusha, kumkalisha juu ya pipa au kumkandamiza tumbo ni mambo yanayofanywa kwa nia njema, lakini yana madhara mawili. Yanapoteza dakika ambazo ubongo unakosa oksijeni, na yanaweza kumfanya atapike kisha matapishi yaingie mapafuni. Kinachomuua aliyezama ni kukosa hewa, na maji yaliyomo tumboni si tatizo la kwanza.

Akitolewa akiwa hapumui, au akivuta pumzi moja moja za kukata roho, mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu ili kichwa kielekee nyuma kidogo, bana pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako na umpulizie pumzi tano, kila moja ya takriban sekunde moja, ukiangalia kifua kikiinuka. Kwa mtoto mchanga, mdomo wako ufunike pua na mdomo wake kwa pamoja. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikibonyea kama theluthi moja ya unene wake, halafu umpe pumzi mbili, na uendelee hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Nasisitiza pumzi kwa sababu watu wengi wamefundishwa kwamba kukandamiza kifua peke yake kunatosha. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla kwa ugonjwa wa moyo kunaweza kutosha, lakini kwa aliyezama hakutoshi, kwa kuwa damu yake imekwisha kuishiwa oksijeni. Mwingine apige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wakati wewe unaendelea.

Mtoto wa jirani yako alipaswa kupelekwa kituo cha afya siku ileile, hata kama alionekana mzima. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kuleta matatizo saa kadhaa baadaye, na dalili zake ni kikohozi kisichokoma, kupumua kwa kasi au kwa shida, usingizi usio wa kawaida na midomo kubadilika rangi. Akiwa na hata moja kati ya hizo, msisubiri asubuhi.

Nahodha Mstaafu, Ukerewe

Mama Neema, nakuamkia kwa heshima. Tabibu amesema vizuri, nami naongeza ya ziwani, kwa sababu watoto hao watakua na siku moja watapanda mtumbwi au kivuko.

Mama mwenye nyumba anayesema wasikanyage ziwani simlaumu, lakini ushauri wake hautekelezeki. Mtoto anayeishi kando ya ziwa ataligusa, na akikatazwa atakwenda kwa siri, mahali ambapo hakuna mtu mzima. Ni heri mumchagulie sehemu moja inayojulikana, na saa inayojulikana.

Jambo la kwanza la kumfundisha ni hili: mwenzake akizama, asimfuate. Huku kwetu misiba mingi ya watoto huwa ya wawili au watatu, ndugu mmoja akimfuata mwingine, kwa sababu anayezama hupanda juu ya chochote anachokishika, hata kama ni kichwa cha kaka yake. Mtoto apige kelele, kisha atupe au anyooshe kitu: kasia, mti, khanga, na bora zaidi dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara. Dumu hilo linaweza kumweka mtu mzima juu ya maji kwa muda mrefu, na hakuna nyumba ya kandokando ya ziwa inayolikosa. Lifungeni kamba kwenye mpini wa dumu lenyewe na lining'inie mahali watoto wanapoogea, wala asiruhusiwe mtu kulichukua kwenda kuchotea maji.

Pili, msiamini kwamba nchi kavu ikionekana basi hatari imekwisha. Kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka mchana kweupe tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimebakiza mwendo mdogo tu kufika gati la Bwisya kisiwani Ukara, na watu 228 walipoteza maisha. Kilikuwa kimejaza kupita kiasi. Ukiona chombo kimejaa kuliko kawaida, shuka na watoto wako hata kama umekwisha kulipa nauli, na wahudumu wakikucheka waache wacheke.

Tatu ni jaketi okozi, au maboya kama wengi tunavyoyaita. Nimeona mengi yamekaliwa badala ya mto, au yamefungiwa kwenye sanduku ili yasichafuke. Chombo kikipinduka hakuna anayepata muda wa kuvaa. Mvike mtoto kabla ya kupanda, funga vifungo vyote, kisha shika mabegani na uvute juu. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa kwake na litamvuka majini.

Tena mjue kwamba radi na dhoruba za ziwa hili hupenda usiku kuelekea alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako kilindini na taa zao. Mtumbwi wa mbao ukipinduka kwa kawaida hauzami wote. Mbao zake zinaendelea kuelea hata ukijaa maji. Ushikeni huo huo. Taa za nchi kavu usiku huonekana karibu, na wengi waliouacha mtumbwi wakaogelea kuzifuata hawakufika, ilhali wenzao waliong'ang'ania ubao walikutwa asubuhi.

Mwalimu wa Kuogelea, Nungwi

Assalaam alaykum. Mimi nafundisha kuogelea huku Unguja, kwa hiyo mtategemea niungane na baba watoto. Ninakubaliana naye nusu.

Kuogelea kunasaidia sana watoto wa umri wa kwenda shule, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza wafundishwe kuanzia miaka 6, pamoja na namna ya kuokoa kwa usalama. Lakini wengi wakisema "anajua kuogelea" huwa na maana kwamba mtoto anapiga maji kwa nguvu mpaka anafika ng'ambo. Somo langu la kwanza ni kuelea chali: masikio ndani ya maji, tumbo juu, pumzi zikitoka polepole. La pili ni kuingia majini na nguo za kawaida, kwa sababu anayeteleza gatini hakuvaa nguo za kuogelea. Kupiga mbizi na kushindana kunakuja baadaye sana.

Huyo wa miaka 13, kama ni mvulana, ndiye wa kuzungumza naye kwa kirefu. Vijana wa umri wake wanajirusha kichwa chini mahali wasipopima kina, na wanashindana kukaa chini ya maji baada ya kuvuta pumzi nyingi za haraka haraka. Pumzi hizo hupunguza hewa chafu mwilini, na hewa chafu ndiyo inayomwamsha mtu atamani kupumua. Matokeo yake ni kwamba anazimia chini ya maji bila kuhisi dalili yoyote, na wenzake wanadhani bado anashindana. Mchezo huo upigwe marufuku moja kwa moja. Kama ni msichana, naomba asiachwe nyumbani siku ya mafunzo. Huku kaskazini mwa Unguja mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayositiri mwili mzima, kwa hiyo hoja ya stara ina jibu lake.

Mkija pwani kutembea, mjifunze bahari upya, kwani haifanani na ziwa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti hukaribia mita 4. Kina mama wanaokwenda kwenye mwani au kutafuta pweza mwambani wanalijua hili: maji yakianza kujaa huingia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako, upande wa nchi kavu, na unaweza kuwa umesimama pakavu huku njia ya kurudi imekwisha kuwa kilindi. Siku hizi jambo hili limezidi uzito, kwa kuwa mwani unakufa kwenye maji ya kina kifupi yaliyopata joto, na wakulima wake, ambao wengi hawajui kuogelea, wanalazimika kusogea kwenye kina kirefu. Na mkondo ukikuvuta kuelekea bahari kuu, usishindane nao. Elea, kisha ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke ndani yake, ndipo ugeuke kuelekea nchi kavu.

Tabibu wa Zamu

Narudi kwa ufupi, maana wote tunazungumzia ziwa na bahari ilhali Mama Neema ana mtoto ambaye hajatimiza miaka 2. Mama, mwenye hatari kubwa nyumbani kwako ni huyo, na ziwa lake ni ndoo. Karibu robo ya wote wanaokufa kwa kuzama duniani ni watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto anayejifunza kutembea ana kichwa kizito. Akiinama kwenye ndoo au diaba anaingia kichwa chini na hawezi kujiinua, na maji ya sentimita 5 yanatosha kufunika pua na mdomo. Ndoo zimwagwe na kugeuzwa baada ya kufua, pipa na simtanki vifunikwe kwa kifuniko asichoweza kukisukuma, na kama kuna kisima au shimo la kufyatulia matofali karibu, wekeni uzio. Kuogelea si kinga ya kutegemea kwa wa umri huo.

Angalia pia saa za asubuhi, unapokuwa jikoni na wakubwa wako shuleni. Kule Bangladesh waligundua kwamba watoto wadogo wengi walizama katika saa hizo hizo, wakaanzisha vituo vya kulelea watoto vijijini, na vifo vikapungua kwa kiasi kikubwa. Mkipeana zamu wewe na majirani wawili watatu, mtakuwa mmefanya jambo lilelile bila gharama. Na kama kuna yeyote nyumbani mwenye kifafa, asiogelee wala kuchota maji kisimani peke yake.

Mama Neema, Ilemela

Ahsanteni sana. Ndoo nimezigeuza, na mtoto wa jirani tumempeleka kituo cha afya. Mapafu yako salama. Nabakiwa na swali moja: mume wangu amenunua yale maboya ya kupuliza ya kuvaa mikononi, na wakubwa wanataka tyubu ya tairi la gari. Je, vinafaa?

Mwalimu wa Kuogelea, Nungwi

Vyote viwili ni vya kuchezea, dada yangu. Maboya ya mikononi hutoboka na huvuka, na humzoesha mtoto kukaa wima majini, mkao uleule wa anayezama. Tyubu ina hatari nyingine: asubuhi upepo wa ziwani mara nyingi huvuma kutoka nchi kavu, na mtoto aliyelala juu yake husukumwa mbali kabla hajashtuka, kisha akiiacha ili arudi anakuta hapafiki chini. Wakiitumia, iwe alasiri, ifungwe kamba inayoshikwa na mtu, na mtu mzima mwenye zamu asimame upande wa kilindi, uso wake ukielekea nchi kavu, watoto wakiwa kati yake na mchanga. Simu aiache kwenye mkoba.