SUA, Ardhi au Muhimbili? Nimechaguliwa vyote vitatu kwa kozi za mazingira

Kinda_la_PCB
Shikamooni wakubwa. Nimemaliza kidato cha sita, kombi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). Majina yametoka na nimepata vyuo vitatu: SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro na Chuo Kikuu Ardhi cha Dar, kote ni Sayansi na Usimamizi wa Mazingira, halafu Muhimbili, Afya ya Mazingira. Napaswa kuthibitisha kimoja tu na dirisha linakaribia kufungwa. Baba anasema Muhimbili kwa sababu "huko ndiko wanakotoka madaktari". Mimi napenda misitu na maji, ila nyumbani tuko wengi, ajira siwezi kuipuuza. Naombeni tofauti ya kweli, ile ya vipeperushi nimeshaisoma.

Mwana_Uluguru
Marahaba mdogo wangu. Kwanza mwambie mzee, kwa adabu, kwamba Afya ya Mazingira haitoi daktari. Inatoa afisa afya, yule anayekagua machinjio, migahawa na vyoo vya shule. Kazi ya heshima kabisa, ila asije akashangaa siku ya mahafali.

Mimi nilisoma SUA, kwa hiyo navutia kwangu. Kama ni misitu na maji, umefika. Milima ya Uluguru unaiona ukiwa chuoni, na mto Ruvu ambao Dar es Salaam inaunywa unaanzia huko. Mwalimu akifundisha mmomonyoko wa udongo, mnapanda mnaona mahindi yamelimwa kwenye mteremko mkali bila matuta, kisha mnashuka mtoni kuchota maji ya tope mkayapime. Chuo kina hata msitu wake, Mazumbai, kule Usambara Magharibi. Uzito ni kwenye udongo, bioanuwai, vyanzo vya maji, na watu wanaoishi navyo. Hili la watu usilidharau: ukishindwa kuongea na mkulima, vipimo vyako vya maabara havitamsaidia mtu.

MtotoWaJangwani
Mambo ya msituni mazuri, ila Watanzania wanazidi kuhamia mjini na uchafu wao. Ardhi utasoma maji taka, taka ngumu, hewa na kelele. Darasa lako ni bonde la Msimbazi linalofurika hadi Jangwani, na dampo la Pugu Kinyamwezi. Siyo mahali pa kupiga picha za kuweka mtandaoni, nakuonya.

Faida ambayo haiandikwi popote ni majirani. Chuo kile kimejaa wapima ardhi, wasanifu majengo na wapangaji miji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Tathmini hiyo hufanywa na timu, na wale uliokaa nao kantini ndio watakaokuita kwenye timu hizo baadaye.

BibiAfya_Kusini
Mwanangu, niko kazini halmashauri. Nyie wa mazingira mnatucheka eti sisi ni wa vyoo, lakini kada yetu ina baraza lake la usajili na kazi zake zinaeleweka. Kipindupindu kikiingia wilayani, wa kwanza kutafutwa ni sisi. Ila kama moyo wako uko msituni, humu utachoka. Siku nyingi ni buchani, sokoni, gesti, na kugombana na mwenye mgahawa asiyetaka kupima afya wahudumu wake.

KitaaKigumu
Wakuu mnampamba bwana harusi. Sheria hiyohiyo inataka kila halmashauri iwe na afisa mazingira. Sawa, lakini halmashauri moja inahitaji maafisa wangapi? Sisi wahitimu tunajazana kila mwaka. Nilikaa mtaani na cheti kizuri tu. Kilichonitoa ni ramani. Mdogo wangu, popote utakapokwenda, anza kujifunza QGIS, programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta, tangu mwaka wa kwanza, ni ya bure. Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu 1972 na za Sentinel-2 zinaonyesha hadi kipande cha ardhi cha mita 10, nazo ni bure. Ukiweza kumwonyesha mtu msitu wa kijiji chake ulivyokuwa zamani na ulivyo leo, atakusikiliza kabla hajakuuliza GPA.

Mwana_Uluguru
Hapo Kitaa nakuunga mkono. Na takwimu! Darasani kwetu waliosapu (waliofeli wakarudia mtihani) takwimu walikuwa wengi kuliko waliosapu kemia. Watu huja wakidhani mazingira ni kupanda miti.

Kinda_la_PCB
Asanteni sana. Bibi, umenifumbua macho. Muhimbili naona naiweka pembeni, baba nitaongea naye jioni. Kati ya SUA na Ardhi: nikienda Morogoro kisha nikitaka kufanya tathmini za miradi ya mjini, mlango umefungwa?

MtotoWaJangwani
Haujafungwa. NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, wana usajili wa wataalamu wa mazingira, na wa SUA wamo tele. Utahangaika kidogo kwenye mitambo ya maji taka, basi. Fildi (mafunzo kwa vitendo) omba mamlaka ya maji au ofisi ya kanda ya NEMC, usiende kukaa tu ofisini kwa mjomba ukijaziwa daftari. Lakini wa Ardhi akipelekwa msituni anajifunza majina ya miti upya, nakiri.

BibiAfya_Kusini
Na gharama? Chumba cha Dar siyo chumba cha Morogoro. Bumu (pesa ya mkopo wa chuo) likichelewa, ndugu wako wapi?

Kinda_la_PCB
Shangazi yuko Kihonda, Bibi.

KitaaKigumu
Kihonda, Morogoro! Mbona hukusema mapema? Thibitisha SUA usiku huu kabla mtandao haujazidiwa, ile namba ya siri huwa inachelewa kufika kwenye simu siku ya mwisho.