Mvuvi wa dagaa kaitwa kwenye utafiti wa dawa ya kichocho. Aulize nini kabla ya kusaini?

Mdau_Igombe

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoelewa mambo ya tafiti za dawa. Mdogo wangu anavua dagaa hapa Igombe, Mwanza. Wiki hii watafiti wa chuo kikuu walipita mwaloni wakiwa na mhudumu wa afya wa mtaa, wanatafuta watu wazima wa miaka 18 hadi 50 wenye kichocho cha tumbo. Nilivyoelewa fomu, wanataka kulinganisha prazikwanteli (dawa ya kichocho) ya kumeza mara moja, kama inavyotolewa zahanati, na ya kumeza mara mbili, yaani siku ya kwanza na siku ya 28 baada yake. Atatakiwa kurudi siku ya 28, ya 56 na ya 84. Nauli wanarudisha.

Yeye anataka kujiunga, mama hataki hata kusikia. Maneno ya mtaani ni mengi: eti wengine wanapewa vidonge vya unga mtupu, damu inapelekwa kuuzwa, na ukishasaini hutoki tena. Ukweli ni upi? Akidhurika nani anabeba gharama? Halafu mvuvi wa dagaa anafuata giza. Hizo tarehe za kliniki atazifuata vipi?

Nesi_wa_Tafiti

Ndugu, mama ana haki ya kuuliza, hata kama mshiriki ni mtu mzima.

Nianze na vidonge. Kwa mpangilio ulioueleza, siku ya kwanza kila mtu anameza prazikwanteli halisi. Mgonjwa wa kichocho haachwi bila tiba wakati dawa ipo. Tofauti inakuja siku ya 28: kwa kawaida kundi moja linameza prazikwanteli tena, jingine linameza vidonge vinavyofanana navyo kabisa ila havina dawa. Mshiriki hajui yuko kundi lipi, na anayehesabu mayai ya minyoo kwenye hadubini naye hajui, kwa sababu akijua, jicho lake litaanza kutafuta anachotarajia. Mgawanyo unafanywa kwa kura ya kompyuta. Daktari hachagui, na undugu hausaidii.

Kura ya namna hiyo si ngeni Mwanza. Utafiti wa chanjo ya HPV (kirusi cha saratani ya shingo ya kizazi) ulioanza hapa 2017 uligawa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 kwa kura, wengine dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Ni mojawapo ya tafiti zilizochangia Shirika la Afya Duniani kuikubali dozi moja mwaka 2022, na Tanzania ikahamia dozi moja 2024.

Kwa nini wajaribu dozi ya pili ya kichocho? Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaponyoka. Vimelea vinavyotoka kwa konokono wa majini hupenya ngozi ndani ya dakika chache, kisha huchukua wiki 5 hadi 7 mpaka viwe minyoo inayotaga. Anayeshinda majini kila siku anakuwa na minyoo ya rika zote. Dawa ya leo inaiacha ile iliyoingia wiki mbili zilizopita, na siku ya 28 inaikuta imekomaa au imekaribia. Hilo ndilo wanalolipima.

Sasa haja kubwa, maana hapo ndipo mambo mengi yanapoharibika. Maabara huchuja sampuli kwenye wavu, hujaza kitundu cha kipimo kinachobeba miligramu 41.7, hupaka kwenye kioo, hufunika na kipande cha selofani kilicholowekwa kwenye gliserini, kisha huhesabu mayai yote na kuzidisha mara 24 ili kupata idadi kwa gramu moja. Mayai 5 kwenye kioo ni 120 kwa gramu, na hicho tayari ni kiwango cha kati, kwa sababu kiwango chepesi kinaishia 99. Mayai hayatawanyiki sawasawa, ndiyo maana wanaomba sampuli za siku tofauti na kila moja inasomwa kwa vioo viwili.

Mweleze mdogo wako hivi: sampuli iwe ya asubuhi hiyo hiyo, isiguswe na mkojo, na isiguswe kabisa na maji ya ziwa. Yai la kichocho likikutana na maji yasiyo na chumvi kama ya ziwa linaanguliwa, na msomaji wa kioo hatakuta kitu. Wapo pia wanaoazima haja ya mwenzao ili wakidhi vigezo. Anayefanya hivyo anameza dawa ya ugonjwa ambao pengine hana, na anaharibu jibu la wote.

Damu ya uchunguzi wa kawaida ni mililita 4 kwa wingi wa damu na kama 5 kwa ini na figo. Jumla haifiki vijiko viwili vya chai. Mchangia damu hutoa mililita 450 kwa mkupuo. Kiasi halisi kimeandikwa kwenye fomu, akisome hapo kwa kila hudhurio.

Mfamasia_Kirumba

Naongeza upande wa dawa. Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 2,400, yaani vidonge 4 vya miligramu 600. Ni vikubwa na vichungu sana vikikaa mdomoni, kwa hiyo avimeze haraka kwa maji bila kutafuna. Ale kwanza, tena chakula cha kushiba. Chakula kinasaidia dawa kuingia mwilini na kinapunguza kichefuchefu.

Kizunguzungu na usingizi ni vya kawaida siku hiyo na kesho yake. Kwa mvuvi hili ni kubwa: asiingie ziwani usiku wa siku aliyomeza, wala usiku unaofuata. Watafiti wakisahau kusema, aulize yeye.

Halafu asifiche kitu anapohojiwa. Watu huficha kwa kuogopa kukataliwa, na hapo ndipo wanapoumia. Anayetumia dawa za TB zenye rifampisini, ini lake huvunja prazikwanteli haraka mno na dawa haifanyi kazi. Baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini na fenitoini, nazo huipunguza nguvu. Na mwenye historia ya degedege au kifafa lazima aseme hata kama hatumii dawa yoyote, kwa sababu kama ana mabuu ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo, prazikwanteli inaweza kuamsha degedege kali. Dawa za mitishamba azitaje pia, na akumbuke jina au aende na kifungashio. Kampeni ya kugawa dawa ya kichocho ikipita mwaloni katikati ya utafiti, awapigie simu kabla ya kumeza.

Mdau_Igombe

Asanteni sana, mama nimemsomea yote. Kifafa hana, TB hana. Amebaki na mawili: hizo tarehe, na je, akichoka katikati itakuwaje?

Takwimu_Nyegezi

Tarehe zina ufumbuzi, mkuu, ila zipangwe mapema, kabla ya siku ya kwanza.

Wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi na kufanya kazi giza. Mwezi unazunguka kwa siku 29 na nusu, hudhurio la utafiti ni kila siku 28. Kwa hiyo kila hudhurio linatangulia mbele ya mbalamwezi kwa siku moja na nusu. Akianza siku ya mwezi mpevu wenyewe, hudhurio la siku ya 84 litaangukia siku 4 na nusu kabla ya mwezi mpevu, na huenda bado yuko kambini kisiwani. Akianza siku 2 au 3 baada ya mwezi mpevu, la mwisho litaangukia karibu siku 2 kabla yake, na yote manne yatakuwa ndani ya mapumziko. Amwombe mratibu ampangie hivyo. Mratibu mzuri atafurahi, kwa sababu anahangaika na watoro kila mwezi.

Aulize pia upana wa dirisha la kila hudhurio. Tafiti nyingi huruhusu siku chache kabla au baada ya tarehe, na imeandikwa kwenye mpango wao. Akihamia Ukerewe au kisiwa kingine, atoe taarifa na aache namba ya mtu wa pili wa nyumbani, kwa sababu simu ya mvuvi hulowa au huishiwa chaji.

Kuhusu kujitoa: anaruhusiwa siku yoyote, bila kutoa sababu, na haki yake ya kutibiwa zahanati au hospitali inabaki vile vile. Ila kuacha dawa si lazima kuwe kuacha utafiti. Anaweza kukataa vidonge vya siku ya 28 na bado akakubali kupimwa siku ya 56 na 84. Sisi wa takwimu tunalililia sana hilo. Wanaopotea huwa si watu wa aina moja na wanaobaki. Mara nyingi ni waliosumbuliwa na dawa, au waliopona wakaona hakuna haja. Wakipotea wengi upande mmoja, dawa itaonekana salama kuliko ilivyo, na watakaoimeza miaka ijayo watalipia.

Maadili_Kanda

Nimalizie vibali na gharama. Jaribio la dawa hapa nchini linahitaji kibali cha maadili ngazi ya taifa kupitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Taasisi zenye kamati zake, kama chuo cha afya CUHAS na hospitali ya Bugando, nazo hupitia mpango huo kwanza. Namba ya kibali na simu ya kamati ya maadili hutakiwa kuwa kwenye fomu, mbali na simu ya mtafiti mkuu. Piga ile ya kamati. Kazi yake ni kumsikiliza mshiriki.

Akidhurika, asome sehemu ya fidia na bima. Itamke wazi nani anagharamia matibabu ya madhara yatokanayo na utafiti, na hospitali ipi. Ikisema tu kwamba atashauriwa aende hospitali, arudi kuuliza kabla ya kusaini.

Sampuli haziuzwi. Zikihitaji kusafirishwa nje ya nchi, lazima pawe na mkataba wa uhamishaji ulioidhinishwa, na fomu huwa na kisanduku cha pekee cha kukubali au kukataa sampuli kuhifadhiwa kwa tafiti za baadaye. Anaweza kukataa hicho na bado akashiriki. Watu wengi hawajui, wanatiki vyote.

Fedha ni nauli na fidia ya muda, kwa kiwango kilichopitishwa na kamati. Akiombwa yeye alipe chochote, hata cha kufungulia faili, aondoke na apige simu kamati. Hali kadhalika akilazimishwa kusaini papo hapo au akinyimwa nakala. Fomu ni ya kwenda nayo nyumbani.

Mdau_Igombe

Swali la mwisho wakuu. Kusoma kwake ni kwa shida. Mimi naweza kusaini kwa niaba yake?

Maadili_Kanda

Hapana, ridhaa ni yake mwenyewe. Asomewe fomu yote mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti, na hapo wewe unafaa kabisa. Aulize, ajibiwe, kisha aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Akikubali anaweka dole gumba na tarehe, na kama hawezi kuandika tarehe, shahidi anamwandikia. Wewe unasaini pa shahidi kuthibitisha kwamba umesikia alichosomewa na kwamba hakushurutishwa. Mtafiti anayechukua ridhaa anasaini mwisho, nakala moja inabaki kwa mdogo wako. Aitie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya utafiti, na kadi hiyo aionyeshe kituo chochote cha afya atakachofikishwa akiugua.