Dakika 15 za mazoezi kila siku ili kupunguza uzito: nitangaze hadharani au ninyamaze?

Mhasibu wa Segerea

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwanaume wa miaka 43, nina kimo cha sentimita 168 na uzito wa kilo 91. Kazi yangu ni ya hesabu, kwa hiyo nakaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, na nikitoka nakaa tena ndani ya daladala mpaka Segerea, safari ambayo foleni ikikaza inameza zaidi ya saa moja. Nilipokwenda kupima mwezi uliopita, presha ilisoma 138 kwa 88, na tabibu akaniambia kwamba hajaona haja ya kunianzishia dawa, ila nipunguze uzito, nipunguze chumvi, na nirudi baada ya miezi mitatu.

Kulipia gimu siwezi kwa sasa, na vikundi vya jogingi vinavyopita mtaani kwetu Jumamosi na nyimbo zao na fulana zao vinanifurahisha, lakini ni vya mara moja kwa wiki. Nimeamua kufanya mazoezi ya dakika 15 kila siku, saa kumi na moja na nusu alfajiri, uani kwangu: kuruka kamba, kuchuchumaa na kusimama, na pushapu. Ili nisijipe nafasi ya kuahirisha, nataka kutangaza katika kundi la WhatsApp la ukoo, ambalo lina watu wapatao 60, na katika kundi la ofisini, kwamba ifikapo mwisho wa Desemba nitakuwa na kilo 80, na kwamba kila siku nitatuma picha nikiwa mazoezini. Mke wangu hakubaliani nami hata kidogo. Anasema mambo ya mwili hayatangazwi, na kwamba nitajitafutia maneno ya bure.

Naomba ushauri wenu. Je, kujifunga mbele ya watu kunasaidia kweli, au kunaharibu? Na dakika 15 zinatosha kumpunguza mtu wa uzito wangu, au najidanganya?

Mama wa Kikoba

Kaka Mhasibu, hongera kwa uamuzi. Mimi niko upande wa kutangaza, ila si kwa namna uliyoipanga. Kilo 80 haziko mikononi mwako. Unaweza kufanya kila linalokupasa na mizani ikagoma wiki mbili nzima. Kilicho mikononi mwako ni kuamka na kuingia uani saa kumi na moja na nusu, na hicho ndicho cha kuwaambia watu. Ukishaupa ukoo mzima namba ya kilo, kila mtakapokutana msibani au harusini watakupima kwa macho, na desturi yetu unaijua: anayenenepa huambiwa maisha yamemkubali, anayepungua huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa au kama nyumbani kuna matatizo. Katika watu 60 hatakosekana shangazi wa kumpigia mama yako simu usiku kumwuliza kulikoni. Mkeo ameliona hilo mapema, msikilize.

Kikoba chetu kiko Kinyerezi, na wengi wetu tuna biashara za kukaa: genge, cherehani, duka la vipodozi. Mwenyekiti alipoambiwa kwamba ana sukari, tulikubaliana kila mwanachama afanye mazoezi ya robo saa nyumbani kwake, na kabla ya saa mbili asubuhi atume katika kundi sauti fupi ya neno moja, "Nimemaliza". Mweka hazina huandika alama ya vema katika daftari lile lile la hisa, kurasa za nyuma, na asiyetuma hulipa shilingi 500 siku ya kikao, sawa na faini ya kuchelewa. Kwa maoni yangu si hizo 500 zinazotuamsha. Kinachotuamsha ni ule wakati kabla sanduku halijafunguliwa, mweka hazina anaposoma majina kwa zamu na kutaja nani ana nafasi tupu, bila kuongeza neno, halafu anaendelea na hisa.

Picha zilikataliwa tangu mwanzo, kwa sababu wapo wanachama wasiopenda kuonekana katika nguo za mazoezi, na pia ilikuwa wazi kwamba zingegeuka mashindano ya mavazi. Baadaye fedha za faini zilinunua mizani, na mwenyekiti akapendekeza tupimwe kikaoni mbele ya wote. Wanachama wawili wakaacha kuhudhuria mpaka mizani ilipoondolewa. Daftari la alama za vema halijamfukuza mtu mpaka leo.

Mkimya wa Ukonga

Namheshimu Mama wa Kikoba, lakini mimi namuunga mkono mke wa mwuliza swali moja kwa moja. Mwaka 2009 Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa New York University, na wenzake walichapisha majaribio kuhusu watu wenye hamu kubwa ya kuwa watu wa aina fulani, wakiwemo wanafunzi wa sheria waliotaka sana kuwa wanasheria. Wale ambao nia yao ilijulikana kwa mtu mwingine walipunguza bidii, kuliko wale ambao nia yao ilibaki siri. Maelezo ya watafiti ni kwamba kutambuliwa na wengine humpa mtu hisia ya kuwa amekwisha kukaribia alikokusudia kufika. Binafsi sihitaji maabara kuliamini hilo. Ukituma tangazo lako leo usiku, kesho asubuhi utakuta "hongera" zimejaa, na wapwa zako wanakuita komando, hali kamba bado imening'inia msumarini.

Faini nayo ina mwisho wake. Katika jaribio la Kevin Volpp na wenzake huko Marekani, lililochapishwa mwaka 2008, watu walioweka fedha zao wenyewe, kwa sharti kwamba wasipofikia lengo wanazipoteza, walipungua kwa wastani wa zaidi ya kilo 6 katika wiki 16, ilhali waliokuwa wakipimwa tu kila mwezi hawakufika hata kilo 2. Miezi michache baada ya utaratibu huo kukoma, sehemu kubwa ya uzito ilikuwa imerudi. Kwa hiyo, mkuu, anza kimya kimya na umwambie mkeo peke yake, ambaye hata usipomwambia atakusikia ukifungua komeo la mlango wa uani.

Mama wa Kikoba

Kaka Mkimya, nakubali kuhusu hizo "hongera", na ndiyo maana sikumshauri aende kwenye kundi la ukoo. Lakini wanafunzi hao nia zao zilijulikana tu, basi. Hakuna aliyerudi kesho yake kuwauliza kama wamesoma. Tangazo la mara moja humalizika kwa pongezi. Anayeulizwa kila asubuhi na watu wachache waliokubali kazi ya kuuliza yuko katika hali nyingine kabisa, na mtu asiyeulizwa na yeyote, kama unavyotaka awe, siku ya baridi ya mwezi wa saba atajisamehe bila shahidi.

Mnyoosha Viungo

Ninafanya kazi ya fiziotherapia, kwa hiyo naomba nirudi kwenye swali la pili, ambalo naona limeachwa nyuma.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Dakika 15 kwa siku saba ni 105: zikiwa za wastani hujafika, zikiwa kali umevuka kiwango cha chini. Mazoezi ya wastani ni yale ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Yakiwa makali unatoa maneno machache tu na kutafuta pumzi. Mwongozo huo pia uliacha sharti la zamani kwamba mazoezi yasiyofika dakika 10 mfululizo hayahesabiwi, kwa hiyo ukishuka daladala kituo kimoja kabla ya chako na kutembea kwa haraka, dakika hizo zihesabu.

Ama kuhusu kupungua, watu wengi hukata tamaa kwa sababu hawakupiga hesabu mapema, nawe hesabu ndiyo kazi yako. Mtu wa kilo 91 akitembea kwa haraka dakika 15 hutumia kalori 90 hivi. Akifanya mazoezi makali ya viungo kwa muda huo huo anakaribia 180. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Tukichukua kalori 150 kwa siku, kilo moja itakuchukua siku 51, na hiyo ni endapo hutaongeza andazi la pili kwa kisingizio kwamba leo umefanya mazoezi. Kutoka 91 hadi 80 kwa njia hiyo peke yake ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo ahadi yako ya Desemba haikuwa na msingi hata kabla hujaitangaza. Lakini soda moja ya mililita 350 ina karibu kalori hizo hizo 150, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina 120. Mazoezi yakiandamana na kuacha soda ya mchana, na chipsi mayai ya jioni ikawa ya mara moja kwa wiki, mizani itasogea. Yakiwa peke yake, pumzi inaweza kukaa sawa na presha ikashuka, huku mizani imesimama palepale, na ukiwa umewaahidi watu kilo, utaonekana umeshindwa wakati moyo wako unapata nafuu. Kupungua asilimia 5, yaani kilo nne na nusu kwako, ni jambo ambalo presha huliona.

Kamba iache kwanza. Magoti na vifundo vyako bado havijazoea kupokea kilo 91 zikitua juu ya sakafu ya saruji. Katika mwezi wa kwanza, tembea papo hapo ukiinua magoti kwa dakika tatu hivi ili mwili upate joto. Kisha chukua kiti kigumu cha mbao, kiegemeze ukutani kisiteleze, kunja mikono kifuani, kaa na kuinuka kwa nusu dakika bila kujishika popote. Fuatisha pushapu za kusimama ukiegemea ukuta, halafu panda na kushuka ngazi moja ya mlangoni ukibadilisha mguu. Pumzika kidogo, rudia mzunguko mpaka muda utimie. Usibane pumzi unapojisukuma, kwa sababu kubana pumzi hupandisha presha ghafla. Toa pumzi pale penye kazi ngumu. Ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, acha na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Utakutana pia na watu wanaosifia Tabata kwa dakika nne tu (jina ni la Izumi Tabata, mtafiti wa Kijapani, si la majirani zetu wa Tabata Kimanga): sekunde 20 za nguvu zote, sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane. Yalipimwa mwaka 1996 kwa vijana wenye afya juu ya baiskeli, na hayamfai mtu anayeanza akiwa na presha inayopanda.

Mwisho, tafuta futi ya kamba kama ya fundi cherehani upime kiuno mara moja kwa wiki, bila kumwonyesha mtu. Kwa mwanaume, kuanzia sentimita 94 hatari huongezeka, na zaidi ya 102 huwa kubwa.

Mhasibu wa Segerea

Nawashukuru wote. Nimezungumza na mke wangu, na tumekubaliana kwamba ukoo na ofisi nzima hawatahusishwa. Nitaunda kundi la watu wanne: yeye, mdogo wangu aliye Mwanza, jirani ambaye naye ana presha, na mwenzangu mmoja wa kazini. Haya ndiyo maneno niliyoandaa:

"Kwa ushauri wa tabibu, kuanzia Jumatatu nitafanya mazoezi ya dakika 15 kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, bila kukosa hata siku moja. Nikimaliza nitaandika 'Nimemaliza'. Ikifika saa mbili asubuhi sijaandika, naomba mniulize. Tafadhali msiniulize kilo."

Swali lililobaki ni la masika, kwani uani kwangu hujaa maji, na la siku ambazo nitakuwa safarini kikazi.

Mama wa Kikoba

Ondoa "bila kukosa hata siku moja". Siku utakayoamka na homa utakuwa umevunja ahadi yote kwa mpigo, na aliyevunja ahadi huona aibu kurudi. Andika badala yake: "Nikikosa, nitasema sababu, na kesho yake nitaendelea." Pia mpe mmoja wao kazi ya kuuliza kwa jina, vinginevyo kila mmoja atadhani mwenzake ameuliza. Mdogo wako anafaa, kwa sababu yuko mbali na hawezi kukuona ukiwa umejilaza.

Mkimya wa Ukonga

Kwa watu wanne, na bila picha, sina pingamizi.

Mnyoosha Viungo

Mama wa Kikoba yuko sahihi kuhusu siku moja ya kukosa. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, wakachapisha matokeo mwaka 2010: muda wa kitendo kuwa mazoea ulitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254, na kati ya wale ambao mwenendo wao ulipimika vizuri, nusu walifika ndani ya siku 66. Kukosa mara moja hakukuharibu mwenendo huo kwa kiasi cha kuonekana. Kila mmoja alikuwa amekifunga kitendo chake na jambo ambalo tayari hufanyika kila siku, kama vile baada ya kifungua kinywa. Kwa hiyo usitegemee saa peke yake, maana ukiwa safarini ratiba hubadilika. Sema "baada ya kupiga mswaki", na mswaki utakuwa nao hata gesti ya Dodoma.

Mazoezi niliyokutajia yanahitaji nafasi ya mkeka mmoja na kiti, hivyo wakati wa masika hamia kibarazani au sebuleni. Kama ngazi ya mlangoni imelowa, iache, kwa sababu hapo ndipo watu huteguka. Presha nayo ipime kabla ya mazoezi, si baada, ukiwa umekaa na kutulia dakika tano, kisha uandike namba zake pembeni mwa alama za vema, ili utakaporudi kwa tabibu baada ya miezi mitatu awe na kitu cha kusoma.