Mshairi wa wanyonge anadai alipwe kumzidi mwimbaji: haki yake au njaa tu?

#1 mtoa mada
Wakuu habari za saa hizi. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa, jamaa mmoja anasema mtunzi wa mashairi ya nyimbo hana cha kudai, akishakabidhi karatasi yake kazi imeisha, wa kulipwa ni mwimbaji na prodyuza. Mimi nikamtolea mfano wa Sahir Ludhianvi, mshairi mjamaa wa India aliyeandika maneno ya nyimbo za filamu za Kihindi, akacheka, akasema huyo ndo mfano mbovu kabisa, mjamaa gani anagombania rupia. Basi naileta kwenu.

Kwa wasiomjua, jina alilopewa na wazazi ni Abdul Hayee, kazaliwa Ludhiana kule Punjab mwaka 1921. Baba mtu alikuwa na mashamba ya kutosha na wake kibao, mama yake Sardar Begum akaona hapana, akaondoka na mtoto akaacha utajiri wote nyuma, wakagombania mtoto mpaka mahakamani. Kwa hiyo dogo kakulia kwenye shida huku baba yake anakula vizuri mji huohuo, zile hasira zake kwa mabwanyenye hakuzitoa kwenye kitabu cha mtu. Diwani yake ya kwanza ya Kiurdu aliiita Talkhiyan, yaani machungu. Akawa na wale waandishi wa mrengo wa kushoto ambao chama chao kilianza India 1936, na baada ya nchi kugawanywa India na Pakistan akawa Lahore, upande wa Pakistan, anahariri jarida, akaandika mambo ambayo serikali ya Pakistan haikuyapenda, hati ya kumkamata ikatoka, 1949 akakimbilia Delhi kisha Bombay. Huko ndo filamu zikampokea.

Sasa penye ubishi ni hapa. Alipokuwa na jina inasimuliwa alitaka rupia moja zaidi ya anayolipwa Lata Mangeshkar, yule mwimbaji wa kike mwenye jina kubwa wa nyimbo za filamu. Moja tu! Na redio ya taifa ya India ilikuwa inataja mwimbaji na aliyepanga muziki, aliyeandika maneno kimyaa, yeye akalivalia njuga mpaka jina la mtunzi nalo likaanza kutajwa. Mimi nasema huo ndo ujamaa wenyewe, mfanyakazi anadai jasho lake. Karibuni.

#2
Mkuu usituchanganye. Kudai mlipwe sawa ni haki, kudai rupia moja juu ya mwenzako hayo ni maringo. Lata naye si mfanyakazi? Koo lake si jasho? Ujamaa gani wa kumkanyaga mfanyakazi mwenzako ili wewe uonekane.

Halafu kuna kitu umekiruka makusudi. Huyu Sahir ndo aliandika shairi la Taj Mahal, lile kaburi la fahari mfalme alilomjengea mkewe, anamwambia mpenzi wake tukutane kwingine, hapa mfalme kwa pesa zake amelicheza shere penzi la sisi maskini. Shairi kali mno. Haya, 1963 ikatoka filamu inaitwa hivyohivyo Taj Mahal, ya kumtukuza mfalme na mapenzi yake, nyimbo kaandika nani? Huyohuyo. Na tuzo ya Filmfare, ile kubwa ya filamu za Kihindi, akachukua. Njaa haina itikadi ndugu yangu.

#3
Mimi nitasema ukweli hata kama mtanichukia. Bibi yangu Unguja alikuwa haachi filamu ya Kihindi, nyimbo anaziimba anapochambua mchele mwanzo mwisho, na Kihindi hajui hata neno la kuombea maji. Ukimuuliza bibi hapo kasema nini anakwambia "analia huyo, mpenzi kamwacha", basi. Pwani nzima ilipenda sauti na muziki, maneno hatukuyajua. Sasa huyo mtunzi wa maneno anatudai nini?

#4
@3 hoja yako tamu ila imejigonga yenyewe. Kama maneno si kitu mbona akina Juma Bhalo wa Mombasa walichukua mahadhi ya Kihindi wakatia mashairi ya Kiswahili? Si wangeimba la la la tu watu wakatunza? Mahadhi yalishakuwepo, kilichowafanya watu wahisi wameguswa wao ni yale maneno. Bibi yako naye alijitungia ya kwake, "mpenzi kamwacha", hakukubali wimbo uwe mtupu.

Na mimi nina kidonda. Niliwahi kuandikia mtu wimbo mzima, beti tatu na kiitikio, nikapewa elfu hamsini na soda. Wimbo ukapigwa kila harusi mtaani kwetu, siku moja MC ananiita jukwaani nikatunze "mwenye wimbo". Nikatunza jamani. Elfu kumi yangu ikaenda. Kwa hiyo hiyo rupia moja ya juu mimi naielewa vizuri tu, hakuwa anatafuta hela ya unga pale, alitaka waseme kwa namba kwamba mwenye maneno ni mtu.

#5 mtoa mada
@4 pole sana, ila nimecheka 😂

@2 la Taj Mahal nakubali, hilo doa. Lakini na wewe angalia filamu ya Pyaasa ya 1957, nyimbo kaandika Sahir. Kuna sehemu Guru Dutt kaigiza mshairi mlevi, anapepesuka kwenye uchochoro wa madanguro, Mohammed Rafi anaimba. Yale maneno yalikuwa shairi la Sahir la zamani. Kitabuni kiitikio kinauliza wako wapi wale wanaosifia utakatifu wa Mashariki, kwa Kiurdu kizito chenye Kiajemi ndani, msomi tu ndo anaelewa. Kwenye filamu akakigeuza: wanaojivunia India wako wapi? Miaka 10 tu baada ya uhuru! Mtu wa viti vya mbele, aliyelipa senti zake, anaelewa palepale na anajua nani anaulizwa. Kulainisha lugha kumelitia shairi makali zaidi, na hiyo kazi hakuna mwimbaji wala mpiga kinanda angeifanya.

#6
Na baada ya hiyo hiyo Pyaasa yeye na S.D. Burman, aliyetunga muziki wake, wakaachana moja kwa moja, kila mmoja anaona filamu imebebwa na yeye. Mjue tu alikuwa mtu mgumu.

Ila mnasahau mwisho wake. Kafa 1980 Bombay, moyo, miaka 59, hajaoa hana mtoto. Kaburi lake pale Juhu likabomolewa 2010 kupisha maiti wengine. Halafu 2012 India wakarekebisha sheria ya hakimiliki, mtunzi wa maneno na wa muziki wakapewa mgao wa mrabaha, yaani malipo ya kila wimbo unapotumika, ambao hata wakisaini mkataba hawawezi kunyang'anywa, wimbo ukitumika nje ya jumba la sinema. Aliyesimama bungeni kuipigania ni Javed Akhtar, naye mshairi wa Kiurdu na mtunzi wa nyimbo za filamu.

#2
Hiyo sheria naiunga mkono mia kwa mia, na @4 mtafute huyo MC akurudishie elfu kumi yako. Ila ile rupia moja juu ya Lata bado sijaisamehe.