Tupeane uzoefu: waya za kuwambia shali na sweta za kufuma kwa mkono, wewe unatumia zipi?

NyuziZaMakete
Wadau, salamu. Kwenye mjadala wa jirani kuna dada ameweka picha ya shali ya lesi imetoka tu kwenye sindano, anauliza mbona imejikunja na matundu hayaonekani. Akaambiwa abadili sindano, mwingine akamwambia afumue aanze upya. Nimesikitika sana. Shali ile haina kosa hata moja, haijawambwa tu. Lesi ya sufu lazima ilowekwe, ivutwe, ikauke ikiwa imevutwa, ndipo mchoro ufunguke. Huku Makete baridi inatufanya tushike sindano mwaka mzima, na bado nawaona akina mama wanauza kazi nzuri kwa bei ya kutupa kwa sababu hatua hii hawakuonyeshwa. Mimi natumia waya za stenlesi zenye urefu wa karibu mita moja: za milimita 1.6 kwa kingo zilizonyooka, nyembamba zaidi kwa kingo za mviringo. Semeni zenu, na yaliyowakuta.

BintiLimuru
Mimi zamani nilikuwa wa pini. Shida ya pini ni kwamba ukingo unavutika pale zilipo tu, katikati unabaki na mawimbi. Waya inapita kwenye ukingo wote, kwa hiyo ukiisogeza upande mzima unasogea pamoja. Shali ya pembetatu inataka waya moja juu na mbili pembeni, halafu pini chache za kuzishikilia. Kazi iliyokuwa inanimalizia jioni nzima sasa naimaliza kabla chai haijapoa.

VitambaaTanga
Jamani, mbona mnajipa gharama? Vitambaa vya makochi na vya meza tumewamba miaka yote bila waya. Unapika uji mwepesi wa wanga wa mhogo, unachovya, unakamua kidogo, unatandaza juu ya godoro lenye shuka safi, unabana kwa pini, basi. Kikikauka kinasimama chenyewe.

NyuziZaMakete
Dada, hiyo ni pamba, na kitambaa hakivaliwi. Ukitia wanga kwenye shali ya sufu nani ataizungushia shingoni?

VitambaaTanga
Sijasema utie kwenye shali. Nimesema waya si lazima kwa kila kitu. Msome kabla ya kujibu.

KaskaziMombasa
Wanga sawa, ila wale wa kutia sukari badala ya wanga waache. Kwa joto la huku Pwani sisimizi watakipata kabla ya wageni.

Mkonge88
Spoku za baiskeli! Bibi yangu alifumia hizohizo na kuwambia hizohizo.

KaskaziMombasa
Spoku ni fupi, karibu sentimita 30 tu, na nyingi ni chuma kilichopakwa zinki. Mpako ukikwaruzwa, kutu. Mimi niliuziwa dukani waya nikihakikishiwa ni stenlesi. Shali nyeupe ya harusi ya mpwa wangu, sufu safi. Huku hewa ina chumvi, na siku zile mvuke ulikuwa mwingi, shali ikachelewa kukauka. Kuitoa, kila tundu la ukingo lina nukta ya kahawia. Nilikaa chini. Harusi ilikuwa Jumamosi ile.

Mkonge88
Pole. Ungetia jiki kidogo.

BintiLimuru
USITIE JIKI KWENYE SUFU. Tafadhali anayepita hapa asilichukue hilo. Klorini inaila sufu, nyuzi zinageuka njano na kukatika, na kutu yenyewe haitoki. Inazidi kung'ang'ania.

KaskaziMombasa
Ndimu ndiyo iliyoniokoa. Matone juu ya nukta tu, unasubiri, unasuuza kwa maji ya baridi, unarudia. Hazikuisha zote, zilififia. Mpwa wangu aliivaa na hakuna aliyeona isipokuwa mimi.

MkweWaSingida
Ngojeni niwaambie yangu, maana sijawahi kuyaandika popote.

Nilikuwa nafuma shali ya lesi kwa ajili ya mtoto wangu wa kwanza, ya ubatizo. Sufu nyeupe nyembamba niliyoipata kwa kufumua sweta la mtumba, nikaiosha, nikaisokota upya. Mimba yote nilikuwa nayo mkononi. Nilipoimaliza nikailoweka, nikaifinya ndani ya taulo, nikaitandaza juu ya kitanda cha chumba cha wageni. Waya pande zote nne, pini kila baada ya vidole vitatu, katikati ile nyota ya mchoro imefunguka vizuri. Nikafunga mlango, nikaenda kliniki.

Mama mkwe akaja siku hiyo kutoka kijijini, hatukuwa tunamtarajia. Akafungua chumba aweke mizigo yake. Alichokiona ni kitanda kimefunikwa kitambaa cheupe, kimechomwa pini kila mahali, vyuma virefu vimepita pembezoni, na mchoro wa nyota katikati, kwenye nyumba ya mwanamke mjamzito. Alipiga yowe mpaka majirani wakaja. Niliporudi nilikuta watu wanaimba sebuleni, mmoja amesimama mlangoni na mafuta ya upako, na shali iko uani. Waliichomoa kwa nguvu kwa sababu hakuna aliyetaka kuzigusa waya kwa muda mrefu. Ukingo ulichanika sehemu tano, mishono imeshuka kuelekea katikati.

Nilimweleza mama mkwe. Alilia kuliko mimi. Lakini shali ile nilishindwa kuishika tena mpaka mtoto alipoanza kutembea.

Mkonge88
Mungu wangu. Sasa huyo mama mkwe naye si angeuliza kwanza?

VitambaaTanga
Amuulize nani na nyumba haina mtu? Wewe ukikuta kitanda kimechomwa pini utalala juu yake?

Mkonge88
Nitapiga simu.

KaskaziMombasa
Mimi namtetea mama. Aliogopa kwa ajili ya mjukuu.

BintiLimuru
Kumtetea ni sawa, lakini waliovuta ni watu wazima, na kazi ya miezi ikaenda. Tusimfanye mfumaji ndiye mwenye kosa kwa kuwa na waya chumbani kwake.

VitambaaTanga
Nani amesema ana kosa?

Mkonge88
Dada, uliitengeneza baadaye?

MkweWaSingida
Ndiyo. Nilipitisha uzi wa usalama kwenye mishono iliyobaki mizima, nikafumua ukingo wote, nikafuma mpya. Mama mkwe ndiye aliyenishikia mpira wa uzi. Siku hizi nikiwamba anakaa mlangoni kuwazuia wajukuu.

NyuziZaMakete
Asante kwa kutuamini, dada. Naomba turudi kwenye mada ya waya, kuna watu wananiuliza inboksi wazipate wapi.

FundiMageti
Mimi si mfumaji, mke wangu ndiye. Nachomelea mageti, na waya zake namletea kutoka kazini. Msizitafute kwenye maduka ya nyuzi. Nendeni duka la vifaa vya kuchomelea, ombeni fimbo za TIG (aina mojawapo ya kuchomelea) za stenlesi, namba 308 au 316, unene milimita 1.6. Zile zilizopakwa unga kama chaki ni za kazi nyingine, msichukue. Zenye rangi ya shaba msichukue pia: ndani ni chuma cha kawaida, hicho ndicho kitakachowapaka kutu. Nenda na sumaku ya spika ya redio mbovu. Stenlesi ya namba hizo haivutwi, au inavutwa kwa mbali sana. Bado una wasiwasi? Zungushia kipande cha shuka jeupe kilicholowa maji ya chumvi, ukifungue asubuhi. Ukiona doa, irudishe.

Kabla ya kuitumia ifute kwa spiriti, huwa ina mafuta ya kiwandani. Ncha ipige tupa, umalizie na msasa laini, kisha ipitishe kwenye soksi ya nailoni. Ikikwama, endelea na msasa.

KaskaziMombasa
Fundi, ungekuwepo mwaka ule.

UghaibuniGlasgow
Nawasoma nikiwa Uskoti. Visiwa vya Shetland ni wakongwe wa lesi hii, wana shali nyembamba zinazopita ndani ya pete ya ndoa. Kwa kuwambia wana fremu za mbao: uzi wa pamba unapitishwa kwenye kila ncha ya ukingo na kuzungushwa kwenye vigingi. Asiye na waya atumie uzi wa pamba usiochuja rangi, aupitishe kwenye ncha zote, auvute kwa pini. Kwa shali ya mviringo mimi naupenda kuliko waya.

BintiLimuru
Na chini msitandike kanga mpya! Inachuja. Shali ya rafiki yangu ilibeba maneno ya kanga nusu upande mmoja.

Mkonge88
Swali la mwisho. Uzi wangu ni akriliki. Nimewamba kwa waya, umekauka, nimetoa pini, umerudi vilevile.

NyuziZaMakete
Maji peke yake hayaiwezi akriliki. Iwambe hivyohivyo kwa waya, halafu ipe mvuke wa pasi ukiwa umeinua pasi juu. Ikigusa tu, uzi unalegea na haurudi tena, kwa hiyo jaribu kwenye kipande kwanza. Na kama ni sweta, wamba vipande kabla ya kuvishona: waya kwenye pande zilizonyooka, pima kwa tepu ufikie vipimo vyako na usivute zaidi ya hapo. Ribu za kiunoni na mikononi, ile mikanda inayonyumbuka, usizipitishie waya kabisa, zinatakiwa zibaki zinabana.

Mkonge88
Ribu nilishazivuta. Zinarudi?

FundiMageti
Mke wangu anasema kama ni sufu, ziloweke tena, zikusanye kwa mkono, ziache zikauke bila kuguswa. Kama ni akriliki iliyokwisha kupigwa mvuke, fumua.