CRM ya bure kwa kampuni changa: SuiteCRM, Espo au tujilipue na Odoo?

Kuku_na_Hesabu
Wakuu habari za jioni. Tuko wanne kwenye kakampuni ketu, tunasambaza vifaranga na chakula cha kuku kuanzia Kibaha hadi Morogoro. Wateja wako kwenye Excel moja na simu tatu. Juzi mfugaji wa Mlandizi kapigiwa na watu wetu wawili siku hiyohiyo, mmoja anamdai, mwingine anamshukuru kwa kulipa. Tumekubaliana tupate tovuti mpya ya kupokea oda, pamoja na CRM, yaani programu ya kutunza kumbukumbu za wateja. Hela ya leseni hatuna, kwa hiyo lazima iwe programu huria, ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Mwenzangu anataka WordPress ya kujengea tovuti na SuiteCRM ya wateja, mimi naona Odoo inabeba vyote mahali pamoja. Aliyewahi kuendesha atusaidie. Aliyesoma tu apishe kidogo.

FundiWaPHP
Mkuu, cha kwanza ni seva. WordPress, SuiteCRM na EspoCRM zote zimeandikwa kwa lugha ya PHP na hifadhidata yake ni MySQL, zinakaa hata kwenye hostingi ya kawaida ya kulipia kwa mwaka. Odoo ni Python na PostgreSQL, na mwenzake ERPNext ni Python na MariaDB. Ukitaka kuzifunga mwenyewe, tafuta seva yako peke yako na mtu anayejua Linux vizuri. Kwa watu wanne ningeweka WordPress mbele, Espo nyuma. Suite inafanya kazi ila menyu zake ni nyingi mno, wahudumu wako watapotea humo. Na Odoo ya bure siyo ile unayoiona kwenye video. Toleo la jamii lina ankara, uhasibu kamili uko kwenye toleo la kulipia.

Dada_wa_Mauzo
Hapo kwenye Odoo nakuunga mkono. Kwao app moja ni bure, ukiongeza ya pili unaanza kuhesabiwa kwa kichwa. Na hizi huduma za kulipia kila mwezi nyingi zinahesabu kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa 2,300 na ushei, 2024 ikavuka 2,700. Wao hawajapandisha hata senti, wewe umeshapandishiwa. Ila mleta mada, kabla hujachagua programu chagua fundi. Nusu ya mafundi wa tovuti hapa mjini wanasajili domeni, yaani jina la tovuti, kwa majina yao, mkikosana wanaondoka na funguo.

FundiWaPHP
Nusu? Dada, sensa hiyo ilifanyika lini?

Tuseme ukweli. Mteja anakuja na laki tatu. Anataka duka, malipo ya simu, Kiswahili na Kiingereza, nembo aongezewe bure. Ukimwambia domeni inalipiwa kila mwaka anakwambia "lipia tu bosi, nitakurudishia." Mwaka wa pili hapokei simu. Tovuti ikizimika anaandika status kwamba katapeliwa na fundi. Hapo aliyekimbia nani?

NipoNipo
"Nitakurudishia" 😂😂😂 hiyo sauti naijua

Dada_wa_Mauzo
Kaka nimerusha jiwe gizani, mbona yowe limetokea kwako?

Nikupe kisa. Ofisi moja niliyofanya kazi, fundi alitufungia theme (muonekano wa tovuti) ya kulipia aliyoiokota bure mtandaoni. Miezi michache baadaye mteja akifungua ukurasa wetu wa bei kwa simu, anarushwa kwenye tovuti ya kamari. Bosi akifungua kwa kompyuta yake, ukurasa uko safi. Tukaambiwa idara ya mauzo tunatafuta visingizio. Kumbe kile kidudu kilikuwa kinawakwepa wanaotumia kompyuta, kinawasubiri wa simu tu. Na wateja wetu wote ni wa simu! Fundi kumpigia, "namba unayopiga haipatikani."

Bandarini
Dada pole, ila usichanganye. WordPress iko chini ya leseni ya GPL, na plagini (programu ndogo za nyongeza) nyingi za kulipia nazo ni GPL, kwa hiyo kugawa nakala siyo wizi kwa maana ya leseni. Tatizo ni kilichopachikwa ndani ya hiyo nakala, na kwamba hupati masasisho. Ni mambo mawili tofauti.

Dada_wa_Mauzo
Bosi wangu angefurahi sana kusikia kwamba kamari ilikuwa halali kileseni.

Mzee_wa_Posta
Vijana, punguzeni munkari. Mimi niliwahi kufunga SugarCRM ofisini, enzi hizo ndiyo ilikuwa CRM ya bure ya kila mtu. Tukaweka kila kitu humo. Ilipofika 2014 wenyewe wakatangaza kuwa toleo la jamii halitaendelezwa tena. Ndipo SuiteCRM ikaanzishwa. Kwa hiyo anayekwambia bure ni ya milele, muulize ana miaka mingapi.

Bandarini
Shikamoo mzee. Suite ilikuwepo tayari. Wale SalesAgility wa Uskoti walitoa toleo la kwanza 2013, kabla ya tangazo. Waliona mvua inakuja. Na hata hiyo habari inaonyesha uzuri wa huria: kampuni ilifunga mlango, msimbo ukatokea dirishani, data zenu mkahama nazo. Programu ya kufungwa ingekufa nanyi mkiwa ndani.

Mzee_wa_Posta
Marahaba. Mwaka mmoja haunitoi kwenye hoja. Kuhama tulihama, lakini nani alihamisha? Tulimlipa mtu.

Pwani254
Salamu kutoka Mombasa. Nyinyi mwasema Sugar, na hiyo WordPress je? Septemba 2024 Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wa WordPress, aligombana na WP Engine, kampuni ya hostingi, akawafungia wasipate masasisho kutoka wordpress.org. Wateja wao hawakuwa na kosa lolote. Oktoba hao wa wordpress.org wakaichukua plagini ya Advanced Custom Fields, mali ya hao hao WP Engine, wakaibadilisha jina. Hadi Desemba mahakama ya California ndiyo ikawaamuru warudishe mambo yalivyokuwa. Huria gani hiyo ya mtu mmoja kushika bomba? Huku Kenya twajua programu huria, Ushahidi, ile ya kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, ilizaliwa hapa 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, dunia nzima ikaitumia. Nyinyi bado mwauliza ifungwe wapi.

NipoNipo
Nilikuwa nasubiri tu hiyo "huku Kenya" itokee saa ngapi

Bandarini
Pwani, hoja ya bomba ni nzuri, ungeiacha peke yake. Halafu hata huku wizara ya afya inatumia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, huria hiyohiyo, mikoa yote. Hatuendi kutangaza.

Pwani254
DHIS2 ni ya Chuo Kikuu cha Oslo ndugu yangu, hamkuizaa.

Bandarini
Na nani kasema tumeizaa? Nimesema inatumika. Soma taratibu.

FundiWaPHP
Jamani kabla hatujafika kwenye michuano ya Cecafa, nirudi kwa dada. Kisa chako ni fundi mmoja mchafu. Mimi nina wateja niliowapa kila kitu: akaunti ya hostingi, funguo za hifadhidata, hadi bakapu kwenye flashi. Mmoja alimpa mpwa wake "aongeze picha", mpwa akafuta jedwali zima la oda. Aliyepigiwa saa tano usiku ni mimi. Halafu nasikia nusu yetu ni wezi.

Dada_wa_Mauzo
Sikusema wezi. Nilisema mnaondoka na funguo. Na kwanza bakapu kwenye flashi ndiyo kitu cha kujisifia?

Kuku_na_Hesabu
Wakuu, naomba kidogo. Niliuliza CRM. Wateja wangu wengi hawana barua pepe, na mtu mmoja ana laini tatu, kila moja anaiwasha siku ya ofa. Hizi programu zinalikubali hilo?

Mtunza_Data
Hili ndilo swali la maana tangu uzi uanze, acha nilijibu kwa kirefu.

Kwetu mtu aliyeweka CRM alifanya barua pepe iwe ya lazima. Wahudumu wakifika hapo wanakwama, mteja yuko kwenye laini anasubiri. Mmoja akagundua ukiandika hakuna@gmail.com inapita. Wiki haijaisha ofisi nzima inaandika hakuna@gmail.com. Kisha mfumo ukaanza kututahadharisha kwamba mteja huyu yupo tayari, kijana mmoja akawa anabonyeza kuunganisha, kuunganisha. Mama Neema wa Chalinze akajikuta na deni la mzee mmoja wa Mikese.

Kwa hiyo: kwenye Espo unaingia upande wa msimamizi, unaifanya namba ya simu iwe ya lazima na barua pepe iwe hiari, bila kuandika msimbo. Sehemu ya simu inapokea namba zaidi ya moja kwa mtu mmoja. Namba zote ziandikwe kwa +255 kuanzia siku ya kwanza, maana 0754 na 255754 kwa kompyuta ni watu wawili. Na hiyo Excel isafishe kabla ya kuiingiza. Ukiingiza takataka unapata takataka yenye nembo.

Kuku_na_Hesabu
Asante sana mkuu. "Mama Neema" kwetu wako sita, na wawili ni wa mtaa mmoja.

Mtunza_Data
Weka kijiji na idadi ya kuku. Ndivyo wahudumu wenyewe wanavyowatofautisha.

Bandarini
Na msisahau ile sheria ya data ya 2023. Ukikusanya majina na namba za watu unatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mzee_wa_Posta
Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, bwana mdogo. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata mimi mwaka mmoja nauona.

Bandarini
😅 Tumelipana mzee.

Dada_wa_Mauzo
Sheria hiyohiyo inanirudisha palepale. Taarifa za wafugaji zikivuja, anayeitwa kujieleza ni kampuni, au fundi mwenye nywila ya seva? Mjibuni huyu kaka. Mnamwambia Espo, Suite, Python, na bado hatujui funguo zitakaa kwa nani.

FundiWaPHP
Zikae kwake! Nani kakataa? Ila akizishika ajue amezishika. WordPress isiposasishwa, lawama zake. Drupal, programu nyingine ya kujengea tovuti, Oktoba 2014 walitoa onyo kwamba usipoziba tundu ndani ya saa saba hesabu umeshaingiliwa. Saa saba! Mteja wangu mimi anajibu WhatsApp baada ya siku tatu.

Mzee_wa_Posta
Drupal 7 hiyo. Ilitoka 2011, msaada wake ukaisha Januari 2025, na kwenda 8 ilikuwa ni kujenga upya. Nyumba nzuri, ngazi hakuna.

NipoNipo
Nimesoma uzi wote. Mimi nasema Excel ibaki, ongezeni rangi.

Mtunza_Data
Usicheke, kwa watu wanne na nidhamu kidogo, lahajedwali moja ya pamoja mtandaoni ingeondoa ile aibu ya Mlandizi. CRM haimfundishi mtu kuandika "kalipa" baada ya kulipwa.

Kuku_na_Hesabu
Hapo umenigusa, lakini bado tunahitaji kujua nani hajanunua tangu mwezi juzi. Vifaranga vina msimu wake. Nimeelewa Odoo tuiache kwanza. FundiWaPHP, WordPress na Espo zikae kwenye hostingi moja, utatufanyia kwa ngapi?

FundiWaPHP
Njoo pembeni mkuu, tuongee.

Dada_wa_Mauzo
Usiende pembeni. Fundi, sema hapahapa, domeni kwa jina la nani?

FundiWaPHP
La kampuni yake. Kwa barua pepe yake. Na analipia mwenyewe, kwa simu yake, mimi nikiangalia.

Dada_wa_Mauzo
Na seva?

FundiWaPHP
Dada, wewe ndiye mteja?

Dada_wa_Mauzo
Na seva?