Sarafu za Kilwa zilizookotwa Australia, Waswahili walifika kule kweli?

MtuWaKusini
Wakuu salaam. Kuna meseji inazunguka kwenye magrupu ya watsapu wiki nzima sasa, inasema sarafu za Kilwa zimeokotwa Australia na eti huo ndo ushahidi kwamba Waswahili walifika kule mamia ya miaka kabla ya Cook, yule nahodha Mwingereza. Mimi nimekulia Kilwa Masoko, na utotoni tukivuka kwenda Kisiwani kulikuwa na babu mmoja anazo mbili, ziliibuka mchangani baada ya mvua kubwa, za shaba, ndogo kama kifungo cha koti, zimeshika kutu ya kijani mpaka maandishi unayapapasa kwa kidole kabla hujayaona kwa macho. Kwahiyo hii habari imenigusa. Naomba kujuzwa, zile za Australia ni zetu kweli au watu wametunga? Na hayo maandishi yanasemaje, maana babu Kiarabu cha chuoni alikuwa nacho ila hizo zilimshinda.

PwaniYaKale
Mkuu, hazijatungwa. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari wa jeshi la anga la Australia anaitwa Maurie Isenberg alikuwa kituo cha rada huko Visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya ile nchi. Siku moja yuko ufukweni anavua samaki akaokota sarafu 9, akazitia kwenye kopo, zikakaa humo mpaka 1979 alipozipeleka kwa wataalamu. 5 zikawa za Kilwa na 4 za VOC, ile kampuni ya Waholanzi ya biashara ya Mashariki.

Sasa hizo 4 za Waholanzi ndo watu wa watsapu wanaziruka, wakati kwangu mimi ndo penye utamu. Ni za karne ya 17 na ya 18. Kama zote zilidondoka siku moja basi aliyezidondosha kapita pale wakati usultani wa Kilwa umeshaporomoka zamani, Wareno waliuteka mji 1505. Inawezekana zilibebwa na Wareno wenyewe, maana 1511 walishafika Malacca, Malaysia ya leo, na baada ya hapo kisiwa cha Timor, na Timor mpaka kule sio mbali. Inawezekana pia ni wavuvi wa Makassar, Indonesia ya leo, hawa walikuwa wanakwenda Australia ya kaskazini kila msimu kufuata majongoo bahari ya kuwauzia Wachina, wanashuka na upepo huu wanarudi na ule, kama majahazi yetu na kusi na kaskazi. Au ni mtu wetu kweli, hilo nalo siwezi kulikata. Ila sarafu inakwambia ilipigwa wapi, safari yake haikwambii.

BintiMalenga
Mie nijibu la maandishi maana ndo ninalolipenda. Kaka yangu, zile sarafu ni shairi! Upande mmoja jina la sultani, tuseme Ali bin al-Hasan, upande wa pili maneno yanayosema anamtumaini Mola wa neema, na kwa Kiarabu yanaishia "minan". Hasan, minan. Kina kabisa, unageuza sarafu unapata mshororo wa pili. Na sultani mwenye jina jingine anatafutiwa sifa ya Mwenyezi Mungu inayoendana na jina lake.

Babu kushindwa sio kosa lake. Sarafu nyingi za kale za Kiislamu hazina nukta, na ukishaondoa nukta basi be, te, the, nuni na ye za katikati ya neno zote ni kijino kimoja tu, halafu shaba imelika. Kina ndo kinakuokoa, ukilisoma jina unajua upande wa pili uishie vipi. Mwaka hazina, mji hazitaji. Ndo maana zilisumbua sana kupangwa, John Walker wa makumbusho ya Uingereza alizichapisha 1936 ila Ali bin al-Hasan akaja kurudishwa nyuma mpaka karne ya 11 baada ya kupatikana ile hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, 1984, zaidi ya sarafu 2,000 za fedha zimefukiwa pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri enzi hizo, na hizo dinari zina tarehe, ndo zikaonesha za fedha ni za lini.

NahodhaWaTumbatu
Mimi sijaridhika na PwaniYaKale. Kwanini ikiwa kitu cha pwani kimeonekana mbali lazima atafutwe Mreno wa kukibeba? Mabaharia wetu walikuwepo kwenye bahari hii kabla yake.

PwaniYaKale
Nahodha uko sahihi kuuliza, na mimi inaniuma vilevile. Ndo maana napenda tushike iliyo imara. Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe kule Zimbabwe, ilipatikana sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyekuwa anatawala Kilwa alipofika Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, mwaka 1331, na pale pale kuna shanga na vyombo vya kichina, na dhahabu ya bara ilikuwa inapitia Kilwa, vyote vinaongea lugha moja. Wessel ni sarafu peke yake, juu ya mchanga, hakuna hata kigae cha chungu cha kwetu. Siku kikipatikana nitakuwa wa kwanza kushangilia.

BintiMalenga
MtuWaKusini, za babu bado zipo? Tafadhali zisisuguliwe na ndimu wala majivu, herufi zinaondoka na kutu.

MtuWaKusini
Nimempigia mjukuu wake sasa hivi. Zipo kwenye mkebe, moja alishaisugua na ndimu zamani iko tupu, herufi hamna. Ya pili nimemwambia asiiguse, Jumamosi navuka kwenda kuitafuta hiyo "minan".